Chicago, mahali ambapo reli za Marekani hukomea

Julai 2025 kampuni mbili kubwa za reli za Marekani, Union Pacific na Norfolk Southern, zilitangaza mpango wa kuungana wenye thamani ya dola bilioni 85. Ndani ya habari hiyo kuna jambo linalochanganya: kwamba muungano huo ukiidhinishwa, Marekani itapata kwa mara ya kwanza kampuni moja ya reli inayotoka pwani ya Pasifiki hadi pwani ya Atlantiki. Kwa mara ya kwanza? Mbona kuna ile picha maarufu ya mwaka 1869, wanaume wamejazana mbele ya vichwa viwili vya treni vinavyotazamana, na maelezo chini yake yanasema reli imeivuka Marekani?

Picha ni ya kweli. Maelezo ndiyo yenye kasoro. Reli iliyokamilishwa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, ilitoka Sacramento, California, ikaishia Omaha, ukingoni mwa mto Missouri, na Omaha iko katikati ya bara. Abiria wa wakati ule akifika hapo alivuka mto kwa chombo, kwa sababu daraja la reli lilikuja kufunguliwa mwaka 1872. Ng'ambo ya pili alipanda treni ya kampuni nyingine hadi Chicago, akashuka, akahamia stesheni nyingine, akapanda ya tatu kwenda New York. Chombo cha kuvukia mto kilishasahaulika zamani. Kuhama Chicago kumebaki mpaka leo, kwa abiria na kwa mizigo, na ukishaelewa kwa nini, habari za muungano huu hazikupi shida tena.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "reli" tukimaanisha vyuma vilivyolazwa chini, tukimaanisha njia nzima, na tukimaanisha shirika linaloiendesha. Huku kwetu haijaleta tabu sana, maana kwa miaka mingi njia na mwenye njia vimekuwa kitu kimoja: serikali. Marekani sivyo. Kampuni za mizigo ni za watu binafsi, na kila moja ina vyuma vyake, vichwa vyake, mabehewa yake na madereva wake. Vyuma vya Marekani vimeungana tangu zamani. Kampuni ndizo hazijaungana. Kwa hiyo hapa nitasema "njia" kwa vyuma, na "kampuni" kwa mwenye navyo. Neno la tatu ni "makabidhiano", yaani kitendo cha kampuni moja kuipa nyingine behewa ili iendelee nalo. Chicago ndipo mahali pakubwa pa makabidhiano kuliko pote Marekani.

Hapa kuna kosa ambalo msomaji wa Tanzania anaweza kulifanya kwa urahisi. Kidatu, mzigo unaotoka njia ya TAZARA kwenda njia ya TRC hushushwa na kupakiwa upya kwa sababu upana wa njia haulingani: TAZARA ina milimita 1,067, reli ya zamani ya TRC ina milimita 1,000. Mtu akisikia treni za Marekani "zinakomea" Chicago anadhani tatizo ni hilohilo. Hapana. Njia zote kubwa za Marekani zina upana wa milimita 1,435. Behewa lililofungwa Los Angeles linaweza kufika New Jersey bila mzigo wake kuguswa. Kinachobadilika Chicago ni kichwa kinacholivuta, watu wanaokiendesha, na jina la kampuni kwenye karatasi.

Mfano ulio karibu zaidi uko Dar es Salaam. Abiria wa reli ya kati akitoka Kigoma anashukia katikati ya mji, jirani na bandari. Akitaka kuendelea Mbeya kwa treni, inabidi achukue daladala au bodaboda na mabegi yake mpaka stesheni ya TAZARA, kule makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Mji mmoja, reli mbili, stesheni mbili. Sasa zidisha. Chicago ilifikia kuwa na stesheni kubwa sita za abiria katikati ya mji, kila moja ikitumiwa na kundi lake la kampuni, na karibu kila treni iliyoingia ilikuwa imefika mwisho wa safari yake.

Ilikuwaje? Watu wengi hujibu kwamba Chicago iko katikati ya nchi. Hilo halitoshi, miji iliyo katikati ya nchi ni mingi. Tazama ramani. Ziwa Michigan limelala kutoka kaskazini kwenda kusini kwa karibu kilomita 500, kama ukuta wa maji. Anayetoka nyanda za kaskazini-magharibi kwenda New York kwa nchi kavu hana budi kulizunguka ziwa upande wa kusini, na Chicago imekaa karibu na ncha hiyohiyo. Mwaka 1848 ukafunguliwa pia mfereji wa Illinois na Michigan, ulioliunganisha ziwa na mito inayomwaga maji katika Mississippi.

Mwaka huohuo reli ya kwanza ikaanza. Ilikuwa ya kampuni ya Galena and Chicago Union, ikiongozwa na William Ogden, aliyewahi kuwa meya wa kwanza wa mji huo. Wenye fedha wa mashariki walisitasita, basi Ogden akazunguka vijijini akiuza hisa kwa wakulima, watu waliochoka kusukumana na mikokoteni kwenye matope. Kichwa cha kwanza, Pioneer, kilikuwa cha mtumba, kimeshatumika kwingine, na kililetwa kwa meli kupitia maziwa. Bado kipo, kimehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya Chicago, nacho ni kidogo mno ukikumbuka kilichofuata baada yake. Njia yenyewe ilielekea magharibi kilomita chache tu.

Miaka minne baadaye, mwaka 1852, kampuni mbili zikaingia kutoka mashariki: Michigan Southern na Michigan Central. Na hapa ndipo jibu lenyewe lilipo. Kampuni za mashariki zilijengwa kwa fedha za New York na Boston. Lengo lao lilikuwa kuvuta mazao kutoka bara kuyapeleka Atlantiki. Zilishindana na meli za maziwani, hivyo nauli zao zilikuwa chini na shughuli yao kubwa mwaka mzima. Ng'ambo ya Chicago biashara ilikuwa ya namna nyingine kabisa: ardhi mpya, wakaazi wachache, mzigo mwingi wakati wa mavuno na mchache miezi mingine. Tena vibali vya ujenzi vilitolewa na kila jimbo kivyake. Mwenye kampuni ya mashariki akitazama magharibi aliona Chicago ndiyo mpaka wa shamba lake, na wa magharibi akitazama mashariki aliona vivyo hivyo. Hakuna kikao kilichoamua. Kila mmoja alisimama pale biashara yake ilipokoma, na mji ukaota pale waliposimama.

Anayejua stendi ya mabasi ya mikoani ataelewa mara moja. Kituo cha kupita hakikui. Basi linasimama dakika tano, watu wananunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani, linaondoka. Stendi ambako mabasi yote yanaishia ni jambo jingine. Kila mtu anashuka na mizigo, kila mtu anahitaji chakula, pa kulala, mtu wa kumbebea, mtu wa kumwelekeza. Gesti, migahawa, wapiga debe na wachukuzi wote wanaishi kwa sababu safari imekatika pale. Chicago ilikuwa stendi ya bara zima. Mwaka 1853 Frank Parmelee alianzisha huduma ya magari ya farasi kwa kazi moja hasa: kuwatoa abiria na mizigo yao stesheni moja kuwapeleka nyingine. Ilidumu zaidi ya miaka mia.

Hata stesheni iliyobaki kuwa kuu, Union Station, iliyofunguliwa mwaka 1925, ina alama hiyo. Ukiingia chini kwenye majukwaa utaona njia zenye namba witiri upande wa kaskazini na zenye namba shufwa upande wa kusini. Njia karibu zote zinakuja mpaka ukumbini na kugota. Ni kama stesheni mbili zilizopeana mgongo ndani ya jengo moja, na reli chache mno zinapita moja kwa moja kutoka upande hadi upande. Shirika la abiria la Amtrak, lililoanza kazi tarehe 1 Mei 1971, lilirithi hali hiyo. Ukitoka Los Angeles kwa Southwest Chief utasafiri zaidi ya kilomita 3,600, kama siku mbili, ushuke Chicago na kungojea treni nyingine ya kwenda New York. Hakuna treni ya Amtrak inayotoka bahari hadi bahari.

Jambo jingine linalochanganya wageni: zile treni zinazopita juu ya mitaa kwenye nguzo za chuma, ambazo wenyeji huziita L, hazimo katika habari hii. Hizo ni usafiri wa ndani ya mji, zilianza mwaka 1892. Treni za Metra, zinazoleta wafanyakazi asubuhi kutoka vitongojini, ndizo zinazogawana njia na treni za mizigo na za Amtrak.

Kampuni nyingi katika mji mmoja, kila moja na njia yake, maana yake ni njia kukatana. Tarehe 25 Aprili 1853, usiku, treni ya Michigan Central na ya Michigan Southern ziligongana kusini mwa mji, mahali ambapo njia ya kampuni moja ilikatiza ya nyingine. Watu 18 walikufa. Baada ya hapo ikawa desturi kila treni isimame kabisa kabla ya kukatiza hapo, na kwa kuwa treni zote zilisimama, watu wakaanza kujenga nyumba na maduka. Mtaa ukazaliwa na bado unaitwa Grand Crossing, yaani makutano makuu. Ilichukua miongo mingi kabla njia za Chicago kuinuliwa juu ya matuta na madaraja ili zisikatane na barabara, na bado ziko zinazokatana zenyewe kwa zenyewe.

Tatizo jingine lilikuwa saa, na kwa hili sisi tunaweza kuelewa haraka kuliko wengine, maana tunahesabu saa zetu tangu jua linapochomoza. Jua la Kigoma huchelewa kama dakika 40 nyuma ya lile la Dar es Salaam. Sasa chukulia kwamba Kigoma ina saa sita mchana yake, Tabora ina yake, Dodoma ina yake, halafu utunge ratiba ya treni. Marekani ilikuwa hivyo. Kila kampuni ilifuata saa ya mji wake mkuu, na kampuni zilizokutana Chicago zilikuja na saa zao. Oktoba 1883 wakuu wa kampuni za reli walikutana katika hoteli ya Grand Pacific, Chicago, wakakubaliana kuigawa nchi katika kanda za saa. Jumapili ya tarehe 18 Novemba 1883, jua lilipofika utosini, saa za Chicago zilisimamishwa dakika 9 na sekunde kadhaa, kisha zikaanza tena. Saa sita mchana ikafika mara mbili siku ile. Serikali haikuwa na mkono. Bunge lilikuja kulifanya jambo hilo kuwa sheria mwaka 1918, miaka 35 baadaye.

Nafaka na nyama nitazipitia kwa ufupi. Mkulima wa korosho wa Mtwara anajua stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo, unapimwa daraja lake, unapewa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayouzwa. Wafanyabiashara wa Chicago walifika huko katika miaka ya 1850, kwa sababu treni zilileta ngano nyingi mno hata kulinda magunia ya kila mkulima peke yake kukawa hakuwezekani. Ngano ya daraja moja ikamwagwa pamoja katika maghala marefu, na stakabadhi zikazunguka sokoni. Ng'ombe na nguruwe nao waliletwa kwa treni katika machinjio na mazizi ya Union Stock Yard, yaliyofunguliwa siku ya Krismasi 1865 kwa fedha za kampuni za reli zenyewe na kufungwa mwaka 1971.

Lakini kilichokomea Chicago hakikuwa ngano na mifugo tu. Walikuwa watu.

Njia ya kampuni ya Illinois Central ilitoka New Orleans, ikapita katikati ya jimbo la Mississippi, ikaishia stesheni ya Central, kandokando ya ziwa. Kuanzia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani weusi walianza kuikimbia Kusini, wakikimbia kunyongwa na magenge, wakikimbia kilimo cha nusu kwa nusu ambacho mkulima humaliza mwaka akiwa na deni kubwa kuliko alipoanza. Wa Georgia na Carolina wengi waliishia Philadelphia na New York, kwa kuwa ndiko reli zao zilikoelekea. Wa Mississippi walishukia Chicago. Mwaka 1910 mji huo ulikuwa na wakaazi weusi kama 44,000. Mwaka 1920 walikuwa zaidi ya 109,000, na mwaka 1930 karibu 234,000. Muziki, makanisa, siasa na mitaa ya upande wa kusini wa Chicago vilishuka kwenye mabehewa hayo, pamoja na watu waliobeba kuku wa kukaanga kwenye boksi kwa sababu kwenye behewa la chakula hawakuruhusiwa kukaa.

Habari za Chicago ziliwafikiaje huko vijijini? Kwa treni hizohizo. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, lilipelekwa Kusini na wahudumu wa mabehewa ya kulala, kwa siri pale ilipobidi. Mabehewa hayo yalikuwa ya kampuni ya Pullman ya Chicago, na wahudumu wake karibu wote walikuwa weusi. Walitandika vitanda, walipiga viatu rangi usiku wakati abiria wamelala, walibeba mizigo, na kwa yote hayo abiria walimwita kila mmoja wao "George", jina la tajiri mwenye kampuni. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, jina lake haliulizwi. Wazee wetu waliotumikia nyumba za wakoloni wakiitwa "boi" mpaka mvi zinawatoka wanaijua ladha ya jambo hilo. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937, baada ya miaka 12 ya kufukuzwa kazi na kutishwa, wakaipata sahihi ya Pullman kwenye mkataba. Ninapoona reli za Chicago zikielezwa kwa tani na kilomita peke yake, nakumbuka watu hawa.

Turudi kwenye behewa la mzigo. Linapofika Chicago linafanywa nini hasa? Kusini-magharibi mwa mji, karibu na uwanja wa ndege wa Midway, kuna yadi inayoitwa Clearing. Ni ya Belt Railway of Chicago, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1882 na inayomilikiwa kwa pamoja na kampuni kubwa za reli zenyewe. Yadi hiyo ina ekari 786. Katikati yake kuna kilima kidogo cha kutengenezwa. Treni iliyofika inasukumwa taratibu kupanda kilima hicho, na kileleni mfanyakazi anachomoa kiungo, behewa moja au mawili yanaachwa, yanaanza kuteremka yenyewe kwa uzito wake bila kichwa. Chini yake njia zinagawanyika kama matawi ya mti, na swichi zinageuzwa ili behewa la kwenda Ohio liingie njia yake na la kwenda Kanada njia yake. Likiwa na mwendo mkali, vyuma vilivyo kandokando ya reli vinayabana magurudumu, na sauti yake ni ya kukereza, kali, inayosikika mbali. Kisha kishindo: limegonga mwenzake na kufungamana. Treni iliyoingia ikiwa ya mchanganyiko inatoka ikiwa treni nyingine kadhaa.

Si kila mzigo unapita hapo. Treni nyingine hukabidhiwa nzima, dereva wa kampuni hii akashuka na wa kampuni ile akapanda. Na makontena mengi hushushwa na winchi katika yadi ya kampuni ya magharibi, yakapakiwa kwenye malori, yakakatiza mji kwa barabara hadi yadi ya kampuni ya mashariki. Ni kazi ileile ya Parmelee, farasi wameondoka tu.

Karibu robo ya mizigo yote ya reli ya Marekani hupita katika eneo la Chicago. Kulikuwa na usemi kwamba kontena huchukua saa 48 kutoka Los Angeles hadi Chicago, kisha saa 30 kuuvuka mji wenyewe. Mwaka 2003 serikali na kampuni za reli zilianzisha mpango wa pamoja uitwao CREATE wa kupunguza njia zinazokatana. Moja ya kazi zake ni daraja la Englewood, lililokamilika mwaka 2014, ambalo linapitisha treni za Metra juu ya njia ya Norfolk Southern. Kabla yake, treni 138 kwa siku zilikuwa zinasubiriana pale. Kampuni ya Canadian National ilichagua kuukwepa mji: mwaka 2009 ilikamilisha kuinunua kwa dola milioni 300 njia ya Elgin, Joliet and Eastern, inayozunguka Chicago kwa nje. Hapo wakaazi wa vitongoji vya pembezoni wakalalamika, na kwa haki, kwamba foleni za kwenye vivuko vya reli zimehamishwa kutoka kwa wengine na kuletwa kwao.

Sasa muungano unasomeka. Union Pacific ina magharibi, Norfolk Southern ina mashariki, na mahali pakuu zinapogusana ni Chicago. Zikiwa kampuni moja zitakuwa na njia zaidi ya maili 50,000 katika majimbo 43, na kontena halitahitaji tena kukabidhiwa katikati. Wenye mpango wanasema safari itafupika. Wapinzani wanasema mteja mwenye kampuni chache za kuchagua ndiye hupandishiwa bei, na historia ya reli za Marekani inawapa sababu ya kuogopa. Mwenye kauli ni Surface Transportation Board, bodi ya serikali kuu inayosimamia kampuni za reli.

Kuna jambo moja ambalo habari nyingi hazilitaji. Ile Galena and Chicago Union, yenye kichwa cha mtumba, ilimezwa mwaka 1864 na Chicago and North Western, nayo North Western ikanunuliwa na Union Pacific mwaka 1995. Treni za Union Pacific zikitoka Chicago kuelekea magharibi zinapita njia ya mwaka 1848. Michigan Southern nayo, baada ya kubadilisha wamiliki mara kadhaa, iliangukia mikononi mwa Norfolk Southern mwaka 1999. Njia ya kwanza iliyotoka Chicago kwenda magharibi na moja ya njia mbili za kwanza zilizoingia kutoka mashariki zimekaa mji mmoja kwa zaidi ya miaka 170, na kontena linalotaka kutoka hii kwenda ile, mara nyingi, bado linapandishwa juu ya lori, likasubiri taa za barabarani.